Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: daftari la wiki tulizouziwa ufukweni lifunguliwe

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pole na majukumu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Manispaa ya Tabora. Naandika kwa niaba ya familia yangu na ya wastaafu wenzangu wa Tabora, Urambo na Kaliua tulionunua zamu za mapumziko katika hoteli moja ya ufukweni, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Jina la hoteli silitaji hapa. Limo kwenye malalamiko tuliyoyaleta ofisini kwako kwa mkono, pamoja na nakala za mikataba na stakabadhi. Hii naiandika hadharani kwa sababu mawakala wa hoteli hiyo bado wanazunguka wakiuza, na wanaouziwa ni wazee waliotoka kupokea mafao.

Wengi watakaosoma hawajakutana na biashara hii, kwa hiyo niieleze. Mwenye hoteli anachukua banda moja la kulala, anaugawa mwaka katika wiki zake 52, na kila wiki anaiuza kwa familia yake. Unalipa fedha nyingi kwa mkupuo, halafu kila mwaka unalipa ada ya matunzo, uje usije. Unaahidiwa kwamba wiki hiyo ni yako kwa miaka 20: ukitaka unakuja mwenyewe, ukitaka unampangisha mwingine, ukifariki wanarithi watoto. Ulaya biashara hii ilianza miaka ya 1960, Marekani ikashika kasi miaka ya 1970, na huko nako watu walilia sana hadi serikali zikaingilia. Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1994, kisha mwaka 2008 ukaukaza: mnunuzi ana siku 14 za kubadili nia bila kuulizwa sababu, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea malipo yoyote.

Sisi tulitakiwa kulipa palepale. Tulialikwa chakula cha mchana ukumbini, tukaonyeshwa picha za mchanga mweupe na maji ya buluu, tukaambiwa bei hiyo ni ya leo tu na kwamba kesho inapanda. Vijana walikaa na kila familia mezani, mmoja mmoja, kwa heshima zote, "mama" huku, "baba" huku, na hawakuinuka mpaka simu ilipoleta ujumbe wa muamala. Mkataba ulikuwa kurasa nyingi za Kiingereza cha wanasheria. Tuliomba wa Kiswahili, tukajibiwa kwamba utafuata. Haujafuata. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, Mheshimiwa. Sioni kwa nini karatasi inayochukua kiinua mgongo cha Mtanzania iandikwe kwa lugha nyingine.

Wiki yetu ilipowadia tulipanda treni, mimi na mume wangu, binti yetu na wajukuu. Mume wangu anatembea kwa fimbo, ndiyo maana tulichagua banda la mbele lisilo na ngazi, na namba yake imeandikwa kwenye mkataba. Pale mapokezi kijana alitazama karatasi yetu, akatazama kompyuta, akasema, "Samahani mama, banda hilo lina wageni." Nikamwambia, "Mwanangu, wiki hii ni yetu, tumeilipia." Akainamisha kichwa.

Wageni wenyewe walitoka nje waliposikia mazungumzo. Familia ya watu waungwana kutoka Kasulu, mama muuguzi na mumewe. Nao walikuwa na karatasi. Tuliziweka karatasi mbili juu ya meza ya mapokezi, tukazisoma pamoja mstari kwa mstari: banda lilelile, wiki ileile, mwaka uleule, muhuri uleule. Tofauti ilikuwa majina yetu na bei. Wao walitozwa zaidi.

Mheshimiwa, yote mengine nitakayoyasema katika barua hii unaweza kuyaweka kando ukipenda. Hilo la karatasi mbili usiliweke kando. Banda moja lina wiki 52 kwa mwaka na haiwezi kuongezeka hata moja. Kama hoteli imeuza wiki moja mara mbili, ni nani anayejua imeuza nyingine mara ngapi? Tuliomba kuliona daftari la wanunuzi. Meneja alisema ni siri ya kampuni. Tukaomba basi tuonyeshwe ukurasa wa banda letu tu, majina yakifunikwa. Akasema aliye na mamlaka hayo yuko Dar es Salaam. Tukapiga simu Dar es Salaam, tukaambiwa turudi kwa meneja wa Kigoma. Danadana hiyo inaendelea mpaka leo.

Yule mama wa Kasulu alitaka kuwachukua wajukuu wangu walale na wanawe. Sitausahau ukarimu huo. Sisi tukapewa chumba cha nyuma, ukuta kwa ukuta na jenereta. Umeme ukikatika, kitanda kinatetemeka. Chandarua kilikuwa kimefungwafungwa kwa uzi pale kilipochanika. Bomba lilitoa hewa kuliko maji, na maji ya kuoga yaliletwa kwa ndoo kutoka ziwani. Nilimkataza binti yangu kuwaogesha watoto kwa maji hayo, kwa kuwa kando ya ziwa karibu na makazi ya watu kichocho kipo, na mtu wa hoteli anapaswa kulijua hilo kuliko mgeni wa kutoka Tabora. Chakula kilikuwa wali na maharage, mchana na jioni. Usiku tulikuwa tukiziona taa za wavuvi zimejaa ziwani hadi mbali, na asubuhi pale mwaloni Kibirizi migebuka na dagaa vinashushwa. Mpishi alituambia hana fedha ya kwenda sokoni. Vijana wale wa kazi hawana kosa, naomba wasije wakaadhibiwa kwa ajili ya barua hii. Baadhi yao walituambia mshahara haujatoka kwa muda mrefu, na bado walimbeba mume wangu mkono huku na mkono huku kila alipotaka kushuka kuliona ziwa.

Safari ya boti kwenda Hifadhi ya Gombe, iliyoandikwa kwenye kipeperushi kuwa imo ndani ya bei, ilikuwa maelekezo tu ya kwenda Kibirizi kutafuta boti wenyewe.

Sasa nakuja kwenye ziwa lenyewe, maana hapo lipo jambo kubwa kuliko chandarua. Kipeperushi kinaonyesha gati la mbao na mabanda manne ya chini kabisa, mlango unafunguka kwenye mchanga. Gati hilo tulilikuta limezama, zinaonekana nguzo za kushikia tu. Mabanda ya chini yameingiwa na maji: milango imevimba haifungi, na ukutani upo mstari wa tope unaofika kiunoni. Na bado, kwenye orodha ya bei iliyobandikwa mapokezi, wiki za mabanda hayo zinauzwa.

Ziwa Tanganyika lilipanda sana kuanzia mwaka 2020, likafunika nyumba na mialo pande zote, hadi Bujumbura kule Burundi na Kalemie kule Kongo. Si mara ya kwanza. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na mlango huo ukiziba ziwa hujaa. Ndivyo lilivyojaa karne ya 19 mpaka Lukuga ulipozibuka mwaka 1878 na maji yakashuka mita kadhaa. Wewe mwenyewe ukienda Ujiji kwenye mnara, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, utaona jinsi ziwa lilivyosogea mbali na mahali ambapo zamani lilikuwa jirani. Ziwa linakuja na kuondoka. Anayemuuzia mtu mchanga wa ufukweni kwa miaka 20 ana wajibu wa kumwambia hivyo kabla ya kupokea fedha yake, na kuandika kwenye mkataba nani atabeba hasara maji yakija. Mkataba wetu, kwa tafsiri tuliyofanyiwa baadaye na kijana wa sheria, unasema ada ya matunzo italipwa hata kama banda "halitumiki kwa sababu za asili". Maana yake familia zilizonunua mabanda yaliyozama zitaendelea kulipa ada ya kutunza maji.

Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kutoka baraza la banda letu hadi maji hazifiki hatua ishirini. Huenda kipo kibali maalumu, hatukuonyeshwa. Lakini Baraza la Mazingira likija kesho na kuamuru mabanda yabomolewe, mwenye hoteli atabaki na kiwanja chake, sisi tutabaki na karatasi. Mtu aliyenunua sehemu ya jengo chini ya sheria yetu ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo anapewa hati inayosajiliwa, anaweza kusimama nayo popote. Mnunuzi wa wiki hana hati, hana hisa katika kampuni, hana hata namba ya usajili. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limewekwa ndani ya maji.

Najua utaniambia haya ni makubaliano ya watu wazima wawili, muuzaji na mnunuzi, waende mahakamani. Wapo wenzetu watakaokwenda. Ila kesi ya kila mstaafu peke yake, na wakili wake, na nauli ya kutoka Kaliua kila inapoahirishwa, itakula zaidi ya alichopoteza, na mwenye hoteli anajua hivyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na iko Tume ya kuisimamia. Leseni ya biashara inatolewa na halmashauri iliyo ndani ya mkoa wako. Kwa hiyo yapo ambayo mkono wako unayafikia bila kusubiri Bunge.

La kwanza, na ndilo lililonifanya niandike: amuru daftari la wiki lifunguliwe mbele yako, banda kwa banda, wiki kwa wiki, na wanunuzi waitwe na karatasi zao. Katika siku moja ya kikao itajulikana wiki zipi zimeuzwa zaidi ya mara moja. Waliouziwa wiki zenye mwenyewe warudishiwe fedha zao zote, pamoja na ada. Wakati daftari likikaguliwa, mauzo yasimame, ya Kigoma na ya huko Tabora wanakotufuata. Nadhani simu yako kwa Mkuu wa Mkoa mwenzako inatosha. Baraza la Mazingira na maofisa wa afya waende wakaone mabanda yale na maji yale. Na watumishi walipwe.

Kisha tunaomba upeleke wizarani pendekezo kutoka Kigoma, kwamba mauzo ya zamu yawe na siku za kubadili nia kabla ya fedha kupokelewa, mkataba wa Kiswahili, na daftari linalowekwa mahali pa serikali ambapo mnunuzi anaweza kwenda kulitazama. Kama Ulaya waliona siku 14 ni haki kwa watu wanaosoma mikataba hiyo kwa lugha ya mama zao, kwetu hazipaswi kupungua.

Nakusihi usilichukulie hili kuwa jambo la vibanda vichache. Mkoa wako una Gombe, pale Jane Goodall alipoanza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960. Una Mahale, una Ujiji, una ziwa la pili kwa kina duniani. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Reli hiyo ikikamilika, watu wa bara watafika ziwani kwa saa chache, na wenye fedha watajenga ufukweni kila penye nafasi. Natamani iwe hivyo. Nilifundisha jiografia miaka yote ya kazi yangu, nikichora Ziwa Tanganyika ubaoni kwa chaki, na shauku yangu ya kustaafu ilikuwa kuwaonyesha wajukuu lile ninalolichora. Wameliona. Mdogo wao aliuliza kwa nini bibi na mhudumu wanabishana.

Mpaka leo ofisi yako haijatujibu malalamiko tuliyoleta, na tunaelewa kazi ni nyingi. Mikataba halisi tunayo, stakabadhi tunazo, na familia ya Kasulu imekubali kuja na karatasi yake. Tupangie siku. Tukipewa taarifa mapema kidogo, wa Kaliua na Urambo watapandia njiani na tutashuka Kigoma pamoja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, kwa niaba ya wanunuzi wa zamu
Tabora