Kwa mdogo wangu wa Satwa, Dubai, kuhusu yale matangazo ya Kifilipino

Mdogo wangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wenzako mnaoishi pamoja. Shikamoo yako niliipata kwa Mama Mkubwa, na marahaba yangu imo humu. Naandika hadharani kwa sababu nawe hukunivuta chemba. Siku ya kuanua tanga la Bibi, watu wakiwa bado wanakunja majamvi, uliweka video kwenye kundi la familia, na chini yake ukaandika kwamba Wafilipino wanajua kuwapenda wazee wao wangali hai, ilhali sisi tunajua kupika pilau la msiba tu. Ndugu walijibu kwa vikatuni vya machozi. Mimi nilizima simu nikaendelea kuosha masufuria, nawe ukahesabu kuwa nimekubali.

Video ile naijua. Ni tangazo la McDonald's la Ufilipino, lililoonyeshwa kwenye runinga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Babu na mjukuu wake wameketi mezani. Kumbukumbu za mzee zimeanza kumtoka, anamwita mjukuu huyo Gina, na binti anamsahihisha, "Karen po" ("po" ni neno lao la adabu kwa wakubwa), huku uso ukimsinyaa kwa sababu amekwisha kuchoka kujitambulisha kwa babu yake mwenyewe. Kisha babu anaikata baga yake, anaifunga nusu moja na kuiweka kando, na anasema kwamba hiyo ni ya mjukuu wake kipenzi, Karen. Limekwisha. Hakuna anayesifu nyama wala kutaja bei, na bado Wafilipino waliokuwa watoto wakati ule wanalikumbuka neno kwa neno, hata wapo ambao wakiitwa jina lisilo lao hujibu "Karen po" na mezani watu wakacheka.

Nilijuzwa haya yote nyumbani kwako, ulipokuwa ukinikaribisha nikija Deira, huko huko Dubai, kuchukua mzigo wa duka. Unakumbuka nilivyolala kitanda cha chini cha lile deka, na wenzako wa Kifilipino wakirudi kutoka kazini usiku, badala ya kulala, wakianza kuigiza matangazo ya utotoni kwao. Mmoja alianza, mwingine akamalizia, wa tatu akaimba wimbo wake. Mlinionyesha binti wa maziwa ya Promil wa miaka ya 1990, Shaira Luna, aliyetangazwa kama mtoto mwenye kipaji na ambaye ukubwani amekuwa mpiga picha, huku nchi ikiendelea kumkumbuka kwa yale maziwa. Mlinionyesha yule msichana wa soseji za Purefoods anayempenda mvulana aitwaye Carlo, hadi soseji zinapofika na Carlo akaagwa. Mlicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nami nilicheka, na nilifurahi kukuona una watu.

Ila yule dada wa saluni, mzaliwa wa Iloilo huko Ufilipino, hakucheka zamu yake ilipofika. Lake lilikuwa tangazo la kampuni ya simu ya PLDT, ambamo kijana anampigia baba yake kumweleza kwamba hataki tena kusomea udaktari, anataka sanaa. Baba ananyamaza, na sote tulijua kitakachofuata kama ni baba wa kwetu. Kisha, kwa lafudhi ya watu wa kwao Iloilo, anamwambia kwamba popote moyo wake utakaporidhika, yeye atamuunga mkono, "suportahan ta ka". Dada yule aliyatamka maneno hayo akageukia ukutani, na wewe ukaninong'oneza kwamba mwanawe analelewa na nyanya yake na kwamba hawajaonana kitambo. Hapo ndipo nilipoanza kuyaelewa matangazo yale, na huenda niliyaelewa tofauti na wewe.

Nchi ile imewatoa watu wake nje kwa mpango wa serikali. Sheria ya kazi ya mwaka 1974, enzi za Rais Ferdinand Marcos, ndiyo iliyoweka utaratibu wa kupeleka wafanyakazi ng'ambo, na mwaka 1988 Rais Corazon Aquino aliwaita watumishi wa nyumbani wa Kifilipino walioko Hong Kong mashujaa wapya wa taifa. Leo Wafilipino walio nje wanakadiriwa kufikia milioni 10, na fedha wanazotuma kwao zimepita dola bilioni 30 kwa mwaka. Sasa fikiria mtu wa matangazo aliyekaa ofisini Makati, kitovu cha biashara cha Manila, akitafuta jambo litakalomgusa kila mtazamaji, tajiri na maskini, wa kisiwa cha Luzon na wa Mindanao. Hana haja ya kutafuta mbali, kwa kuwa karibu kila nyumba ina kiti kisichokaliwa. Akimweka pale babu, au simu, au chakula cha pamoja, watu watalia wenyewe, kisha atawaonyesha chapa.

Coca-Cola walilifanya hilo waziwazi mwaka 2011, walipowachukua wafanyakazi watatu wa Kifilipino waliokuwa nje kwa miaka, wakawalipia safari ya kurudi nyumbani kwa Krismasi, na kamera zikafuatana nao hadi mlangoni wanapoangukiana na watoto wao. Ulinitumia ile filamu, nami sikuweza kuimaliza bila kufuta macho, kwa hiyo usinione jiwe. Lakini nilijiuliza: watatu wamerudi, na wale mamilioni? Wao walipata soda.

Halafu wakaja Jollibee, wenye mikahawa ya vyakula vya haraka ya Kifilipino. Hawa nawaheshimu kwa ustadi wao, kwa sababu mzee Tony Tan Caktiong alianza mwaka 1975 na duka la aiskrimu pale Cubao, karibu na Manila, na leo yule nyuki mwekundu wa nembo yao yuko hadi Dubai Mall, ambako ulinisimulia foleni ya mwaka 2015 kama mtu anayesimulia Idi. Mwaka 2017, kuelekea siku ya wapendanao, walitoa filamu fupi zilizovuka mipaka ya nchi yao. Katika mojawapo kijana anasimulia siku ya harusi na mapenzi yake kwa bibi harusi, wewe ukiamini kuwa yeye ndiye bwana harusi, kumbe ni rafiki tu anayemtazama akienda kwa mwingine. Katika nyingine mtoto mdogo anamwandalia mama yake siku hiyo kwa maagizo aliyoyaacha baba kabla hajafa. Wewe hii ya pili uliitazama kila siku, hadi ukaniambia kwamba ukifa ungependa uache maagizo kama yale. Na Bibi alipokuwa anakata roho hukuwa na agizo lolote ila picha za simu.

Samahani. Niliahidi nisingelisema hilo hivyo.

Wapo pia wanaochoka na machozi hayo, na hao nawapenda zaidi. Mwaka 2020 RC Cola walitoa tangazo ambamo mtoto anamuuliza mama yake kama yeye ni wa kuokota, maana ana glasi nne zilizoota mgongoni na wenzake shuleni wanamcheka. Mama anakikwanyua kichwa chake mwenyewe, shingoni kunatokeza mdomo wa chupa, na soda inamiminwa kwenye zile glasi. Ni upuuzi mtupu, lakini niliuona kama mtu wa ndani anayewacheka wenzake kwa kumtumia mama na mtoto kila wanapotaka kuuza kitu. Na si kwamba kwao kila tangazo hupokelewa kwa shangwe: mwaka 2011 McDonald's waliliondoa tangazo la watoto wawili wanaozungumzia uchumba na chipsi, baada ya ofisi ya baraza la maaskofu Katoliki kulalamika kwamba linawafundisha watoto kuuona uchumba kama kitu cha kununuliwa. Wanasiasa nao wameonja. Manny Villar, aliyegombea urais mwaka 2010, aliimbiwa na watoto wimbo kuhusu kuoga katika bahari ya takataka, nchi nzima ikauimba, na kura zilipohesabiwa akawa wa tatu. Kwa hiyo unapoandika kwamba Wafilipino wanajua kupenda, waulize kwanza wenzako wa chumbani wanaonaje kuhukumiwa kwa matangazo yao.

Sasa niliseme lile ambalo kwenye kundi sikulisema.

Miezi ya mwisho Bibi alikuwa akiniita kwa jina lako. Mwanzoni nilimsahihisha, kama yule Karen, naye alinitazama kwa mashaka, akaomba radhi, na baada ya muda mfupi akaniita tena hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyemwogesha, niliyemlisha uji kwa kijiko, niliyeamka usiku akidai kwamba kuku hawajafungiwa, na kuku wenyewe tuliwauza zamani. Lakini aliyekuwa mle chumbani, machoni pake, ulikuwa wewe. Siku moja nilimletea samaki wa kukaanga, akala nusu, akaifunika nusu ya pili kwa sahani na kunikataza nisiiguse, kwa kuwa kuna mjukuu wake mmoja anakuja kutoka mbali na hajala. Nikamuuliza ni nani. Akanitaja mimi, kwa jina langu.

Ndiyo maana video yako ilinichoma. Katika tangazo, binti yuko palepale mezani, anaisikia sentensi na kuipokea nusu yake. Mimi niligundua kwamba Bibi aliniwekea akiba, na kwamba aliniwekea kwa kuwa aliamini sipo. Nilisimama jikoni na ile sahani, nisijue kama niile au nimpelekee nijitambulishe. Mtu wa matangazo hawezi kulitengeneza hilo, kwa sababu haliuzi kitu.

Baada ya siku hiyo niliacha kumsahihisha. Aliponiita kwa jina lako niliitika "abee, Bibi", na akatulia, akaniuliza kuhusu safari, kuhusu joto la huko, kama mwajiri wako anakulipa kwa wakati. Nilijibu kadiri nilivyojua. Na wewe wiki zile zile ulikuwa unapiga simu ya video kila jioni ukitaka nimshikie akuone, na mimi nikawa nasema amelala, au mtandao ni mbaya, au chaji imekwisha. Umewaambia ndugu kwamba nilikunyima kumuaga. Lakini hebu fikiri kwa utulivu: kama ningemwekea uso wako kwenye kioo cha simu, angejua kwamba aliyemshika mkono si wewe, angejua kwamba uko ng'ambo ya bahari, na pengine angeanza kukulilia upya kila jioni. Mle chumbani alikuwa nawe. Sikuona sababu ya kukutoa. Nescafé wana ule msemo wao maarufu wa kuwauliza Wafilipino wanaamka kwa ajili ya nani, na ukiniuliza mimi, miezi ile niliamka kwa ajili ya Bibi na nikamwitikia kwa ajili yako. Sidhani kama kuna mtu angelifanya vizuri zaidi, na kama yupo, basi angekuja.

Kuhusu kuzika bila kukungoja, unajua desturi yetu kama ninavyoijua. Alifariki alfajiri, akaswaliwa baada ya adhuhuri. Hakuna aliyekuwa na kinyongo nawe. Hata ndege ya siku ile ile isingekuwahisha Tanga.

Na hilo la kwamba hatuna matangazo ya kuonyesha mapenzi, umesahau tulivyokaa kimya wote, Bibi akiwa ametuinulia kidole, wakati Radio Tanzania ikisoma matangazo ya vifo. Majina ya wafiwa yalitajwa moja moja, wa Korogwe, wa Mwanza, wa Songea, na jina la mtu aliye mbali lilitajwa ili habari zimfikie popote alipo. Hakukuwa na muziki wa kinanda. Bibi alikuwa akiwarehemu watu asiowajua hata mmoja. Wewe ulikuwa unalia ukitaka redio ibadilishwe.

Ushauri wangu, kama bado unaupokea kutoka kwa dada yako: endelea kuyapenda matangazo yale, maana wenzako wamekupa kitu cha kweli kwa kukufungulia utoto wao, na dada wa Iloilo msalimie sana. Ila usiyatumie kutupimia. Mimi sijawahi kukupimia kwa lolote, hata nauli nilizolipia hospitali sijazitaja kwenye kundi, wala sikuhesabu mchango wako ulikuwa kiasi gani ingawa Mjomba aliniuliza, nikamjibu kwamba unatosha.

Hitma ya arubaini itasomwa Jumapili, nyumbani, baada ya alasiri. Sanduku la Bibi halijafunguliwa. Nimewaambia Mama Mkubwa na shangazi kwamba halitafunguliwa mpaka ufike, na wameridhia kwa shingo upande. Kanga zake za zamani ni zako ukizitaka, mimi nitachukua jamvi. Nauli ikipungua sema mapema, nitajazia kutoka kwenye hela ya duka, na jambo hilo libaki kati yetu wawili.