Kwa wakili mwenzangu, kuhusu shauri lako la kwanza la talaka

Tanga

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Barua yako ilinifikia Jumatatu jioni pamoja na rasimu ya maombi ya talaka ya yule mama, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Nimefurahi kwamba umelipokea shauri hili, kwa maana mawakili wengi wa rika letu huyakwepa mashauri ya ndoa wakisema kwamba malipo yake ni haba na yanachosha roho. Yanachosha kweli. Lakini sijawahi kusimamia mashauri mengine ambayo hukumu yake hugusa maisha ya mtu kwa karibu kiasi hiki: mtoto atalala wapi, na mama atapika katika jiko la nani.

Nianze na jambo lililonishtua. Hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa uliyoambatisha imekaribia kutimiza miezi mitano, na kifungu cha 106(2) cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka hati hiyo iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya maombi kufunguliwa. Nakuhimiza kwa sababu yalinipata mwenyewe. Katika mwaka wangu wa pili wa uwakili nilifungua maombi kwa hati iliyopitiliza siku tisa, wakili wa upande wa pili akaweka pingamizi la awali, shauri likatupwa, na mteja wangu, aliyekuwa ameuza mbuzi wawili ili apate nauli na ada, akaniuliza pale ukumbini, "Kwa hiyo leo sitasema chochote?" Sikuwa na jibu la kumpa, na hadi leo swali lile hunirudia. Hakikisha pia kwamba hati inasema wazi kuwa baraza limeshindwa kuwapatanisha, kwa sababu mabaraza mengine huandika tu kwamba wahusika walifika na wanaletwa mahakamani kwa hatua zaidi, na maneno hayo hayatoshi.

Sasa niseme kuhusu rasimu yenyewe. Ina aya kumi na moja, na saba kati ya hizo zinamzungumzia yule mwanamke mwingine. Naelewa: mteja anapokuja ofisini akiwa na donda bichi, hilo ndilo analolieleza kwanza, nasi huliandika kama tulivyolisikia. Ugoni ni miongoni mwa mambo ambayo kifungu cha 107 kinaruhusu yachukuliwe kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, lakini kwa jinsi ulivyonieleza, mume mwenyewe hapingi kuvunjwa kwa ndoa. Anachopinga ni nyumba, mashine ya kusaga na watoto. Ukitumia siku mbili kuwavua nguo watu hawa mbele ya hakimu kwa jambo lisilobishaniwa, utakuwa umeitumia subira ya mahakama mahali pasipokulipa, na baba na mama watakaolazimika kushauriana kuhusu ada ya shule kwa miaka kumi ijayo watatoka pale wakiwa hawawezi kutazamana. Ziache aya mbili tu kuhusu ugoni, fupi na zenye tarehe.

Nguvu zako zipeleke kwenye kifungu cha 114, kile cha mgawanyo wa mali za ndoa. Umeinukuu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, kama tunavyofanya sote, kwamba Mahakama ya Rufani ilikubali kazi za nyumbani zihesabiwe kuwa mchango katika mali za ndoa. Lakini isome hukumu ile hadi mwisho. Kanuni ilishinda, ila Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona kwamba mtaji aliopewa na mumewe kwa ajili ya biashara aliuharibu, na mwenendo huo ukaufuta mchango wake. Mahakama hiyo imerudia katika Rufaa ya Madai Na. 102 ya 2018, iliyosikilizwa hapa Tanga, kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Kwa hiyo mteja wako hatapewa fungu kwa kuwa tu alikuwa mke. Lazima aeleze alifanya nini, lini, na kwa mikono yake au kwa fedha gani. Kumbuka pia kwamba hati ya kiwanja ina jina la mume peke yake, na kifungu cha 60 kinaanza kwa kudhania kwamba mali ni ya yule aliyeandikwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Nikupe mfano mmoja. Mwaka juzi mume wa mteja wangu, dereva wa malori, alisimama kizimbani akasema kwa sauti kubwa kuwa nyumba aliijenga peke yake na mkewe alikuwa "wa kukaa tu". Sikugombana naye. Nilimwuliza safari ya Kongo humchukua muda gani. Akasema wiki tatu, wakati mwingine mwezi. Matofali yalifyatuliwa wapi? Pale pale kiwanjani. Tofali la saruji humwagiliwa maji siku ngapi ili lisipasuke? Akajibu kwa kujivunia ujuzi wake kwamba ni wiki nzima, asubuhi na jioni. Bomba lilikuwepo? Halikuwepo, maji yalichotwa kisimani. Nani aliyachota? Alinyamaza, akamtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kisha akasema, "Yeye." Nikakaa chini. Nilitamani sana kuongeza swali moja, lakini lingempa nafasi ya kusema kwamba kuchota maji si kujenga. Hakimu aliliandika jibu lile katika hukumu yake.

Maswali yale hayakutoka kichwani mwangu. Yalitoka kwa mteja, baada ya mimi kwenda kukaa naye kibarazani kwake na kumwomba anieleze siku yake moja wakati wa ujenzi, tangu alfajiri hadi anapolala. Nawe nenda kwa mteja wako. Mwulize nani alimlipa fundi wa mashine, nani alipokea fedha za wateja, na kama miamala ya simu ya miaka ile inaweza kupatikana. Mtafute pia jirani aliyeuona ujenzi, maana jirani mmoja aliyeona kwa macho yake hunisaidia kuliko ndugu watano wenye hasira.

Kuhusu watoto, yule wa miaka mitano yumo ndani ya dhana ya kifungu cha 125 kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa. Huyu wa miaka kumi na mmoja mahakama inaweza kutaka kumsikia, na haifungwi kuwaweka wote mahali pamoja. Tafadhali usikubali mama amfundishe la kusema. Mahakimu hulitambua upesi, na mtoto hubeba mzigo huo peke yake.

Na uzungumze Kiswahili chako cha kawaida. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini bado nawasikia wenzetu wakitafsiri vichwani mwao huku wateja wao wakikodoa macho.

Nitumie rasimu mpya kabla ya Ijumaa ili tuiwahi ile hati, na kesho asubuhi mpigie mteja umwulize kama daftari lake la kikoba, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, lile lenye mkopo wa kununulia mota ya mashine, bado lipo au limebaki kwenye ile nyumba. Nisalimie shemeji na watoto.

Rafiki yako wa siku zote