Mwanamke atibiwe siku ile ile anapopimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo, nikiwa muuguzi mstaafu, limenikaa moyoni tangu mwaka jana. Wifi yangu, ambaye huuza mboga Kayole, alikwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa kupakwa siki, na baada ya dakika moja doa jeupe likaonekana, dalili ya seli zilizoanza kubadilika. Alipaswa kutibiwa kwa doa hilo kugandishwa kwa gesi baridi, lakini mtungi wa gesi ulikuwa umeisha, akaambiwa arudi baada ya majuma mawili. Alirudi mara mbili akakuta hali ni ile ile. Mara ya tatu hakwenda, kwa kuwa akifunga kibanda siku moja watoto hukosa chakula cha jioni.

Kipo kifaa kidogo cha kushikwa mkononi, kinachotumia betri, ambacho ncha yake hupata joto la nyuzi 100 za selsiasi au zaidi. Muuguzi aliyefunzwa huigusisha ncha hiyo palipoathirika kwa sekunde 20 hadi 30, akahamia sehemu inayofuata mpaka eneo lote limalizike, na seli zilizoanza kubadilika huungua kabla hazijawa saratani. Gesi haihitajiki kabisa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hii mwaka 2019, ingawa si ngeni, kwani daktari Mjerumani Kurt Semm alibuni kifaa cha aina hiyo miaka ya 1960.

Sisemi kila doa liunguzwe. Likiwa limeingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, au ikishukiwa kwamba saratani imekwisha kuanza, mgonjwa apelekwe hospitali kubwa, maana tiba hii haibakizi kipande cha nyama cha kupimwa maabara. Ndiyo sababu nasisitiza mafunzo, tena yasiwe ya siku moja.

Naiomba Serikali ya Kaunti ya Nairobi itenge fedha za kupeleka vifaa hivi katika vituo vya afya vya mitaani, pamoja na betri na ncha za akiba na fundi wa kuvitengeneza, na ianze na kliniki wanakohudumiwa wanawake wenye virusi vya ukimwi, ambao hatari yao ya kupata saratani hii ni takribani mara sita ya wengine. Wapimwe na kutibiwa kabla hawajapanda matatu kurudi nyumbani.

Muuguzi mstaafu,
Umoja, Nairobi