Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Tiba: ufuatiliaji wa thimasi usikomee mwaka wa 5

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mgonjwa wa miasthenia gravisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hudhoofisha misuli, akishagunduliwa, hupigwa CT (skani ya kompyuta) ya kifua kuangalia thimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Tatizo ni kinachofuata. Anayehitaji picha kwa miaka mingi huachwa mapema, na asiyezihitaji hurudishwa kwenye mashine kila mwaka.

Wagonjwa 10 hadi 15 hivi kati ya 100 hukutwa na thimoma, yaani uvimbe wa thimasi. Uvimbe huu hukua polepole, na unaweza kurudi hata miaka 10 au zaidi baada ya kukatwa. Kwa hao tunaomba CT kila miezi 6 kwa miaka 2, kisha kila mwaka hadi mwaka wa 10. Eksirei isichukue nafasi yake katika miaka hiyo, kwa sababu uvimbe mdogo hujificha ndani ya kivuli cha moyo na mishipa mikubwa.

Tena mara nyingi haurudi pale ulipokatwa. Huota kama vinundu kwenye utando wa mapafu, hata chini kabisa, kwenye pembe ya mbavu na kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Skani ikiishia juu kidogo, vinundu hubaki nje ya picha na ripoti husomeka safi. Fomu ya kuombea CT iseme wazi: kuanzia chini ya shingo hadi pembe za kiwambo zimalizike.

Fomu hiyo hiyo iandikwe dozi ya predinisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga ya mwili, na tarehe ilipobadilishwa mara ya mwisho. Steroidi huisinyaza thimasi. Zikipunguzwa, tezi inaweza kunenepa tena ikafanana na uvimbe mpya, na msomaji wa picha asiyeambiwa anaweza kumpeleka mtu kwenye kisu bure. Shaka ikibaki, ifanyike MRI (skani ya sumaku) ya kupambanua mafuta: tezi iliyonenepa tu huwa na mafuta ndani, hivyo hufifia kwenye picha, ilhali thimoma kwa kawaida haififii. Kukimbilia sindano ya kuchukua kinyama ni ile haraka isiyo na baraka, maana ikipita kwenye utando wa mapafu inaweza kusambaza seli za uvimbe.

Asiye na thimoma hahitaji CT ya kila mwaka, hasa msichana ambaye matiti yake hupokea mionzi hiyo. Apigwe tena udhaifu ukizidi bila sababu inayoeleweka, au akipata maumivu ya kifua au kikohozi kisichoisha. Kiwango cha kingamwili za ugonjwa huu kwenye damu hakiwezi kufanya kazi ya picha. Na mwenye kingamwili zinazoshambulia MuSK, protini ya misuli, thimasi yake kwa kawaida haina hatia.

Lililobaki liko mikononi mwako kabisa: hifadhi. Kinundu kilichoongezeka milimita 3 hutambulika picha ya zamani ikiwekwa kando ya mpya. Karatasi ya ripoti haisaidii hapo. Picha zenyewe zihifadhiwe angalau miaka 15, na mgonjwa apewe nakala yake kwenye diski, kwa kuwa katika muda huo atabadilisha hospitali na madaktari.

Wako katika huduma,
Wahudumu wa kliniki ya miasthenia na upasuaji wa kifua