Kwa mdogo wangu, unayehamia nyumba za familia za chuo

Mdogo wangu mpendwa,

Mama kanipigia simu kwamba shemeji amepata nafasi ya masomo Mtwara na mmepewa nyumba kule kule kwenye nyumba za familia za chuo, nilipoishi miaka minne. Nimefurahi mno. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua wapo akina mama wengine wanaofungasha kama wewe, na haya yanawahusu nao.

Nyumba zenyewe hazina ubaya. Kinachoziharibu ni kwamba kila anayeingia anajiona mpita njia. Mume akishamaliza shahada, familia inaondoka. Basi bomba likivuja linasubiri chuo, shimo la taka likijaa linasubiri chuo, na wanaocheza pembeni ya hilo shimo ni watoto wetu.

Acha nikueleze habari ya pampasi. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na shimo moja nyuma ya nyumba, kila kitu humo: maganda ya mihogo, chupa, vifuko laini vya karanga, pampasi. Jioni mtu anatia kiberiti. Pampasi iliyolowa haishiki moto vizuri, inaungua nje tu, na usiku mbwa wanafukua. Asubuhi moja nilitoka na kumkuta mwanangu wa miaka miwili ameshika iliyochanika, zile chembe laini za ndani zimemjaa kiganjani kama sagu, anazipeleka mdomoni. Niliitupa mimi mwenyewe jana yake. Nilimnawisha mikono huku yangu inatetemeka.

Tangu siku hiyo mchana nilimvisha nepi za khanga kuukuu zilizokwisha kulainika, na pampasi nikaiweka kwa usiku na safari tu. Kutoka tano kwa siku tukashuka hadi moja. Kufua ni kazi, sikufichi. Lakini jua la Mtwara linakausha nepi kabla ya adhuhuri, na pesa ya pampasi ikageuka samaki.

Sikuitisha kikao. Nilikwenda kwa jirani mmoja tu, mama wa nyumba ya tatu, nikamwomba tuchimbe shimo la pili, la vitu vinavyooza peke yake. Unayajua majani ya miembe na miarobaini: kila alfajiri yanafagiwa na kuchomwa, moshi unaingia madirishani watoto wamelala. Tukaacha kuyachoma. Tulipanga tabaka la majani makavu, tabaka la maganda na mabaki ya mboga, majivu kidogo, udongo juu, tunanyunyizia maji na kugeuza kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi tulichota mboji nyeusi, inanukia kama ardhi baada ya mvua. Tukapanda matembele na mchicha pale maji ya bomba yanapomwagikia. Wengine walipoona tunachuma mboga bila kwenda sokoni, walikuja wenyewe kuuliza. Mwisho wa mwaka nyumba saba zilikuwa zinaleta maganda.

Plastiki usichome, hata wakikuambia ndiyo desturi. Moshi wake una sumu. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vidogo bado vinatuzunguka, kwa hiyo nenda sokoni na kikapu na vyombo vyako. Chupa ziweke pembeni, wapo vijana wanaopita kuziokota.

Kuhusu kupika: watu wengi wanadhani gesi ya mitungi ndiyo hii yetu inayochimbwa Msimbati, mkoani Mtwara. Sivyo. Ya Msimbati ni gesi asilia, inakwenda kwa bomba hadi Dar es Salaam, na nyumba kadhaa za Mtwara mjini zimeunganishwa nayo. Ya mitungi inaagizwa kutoka nje, ndiyo maana bei yake inatuuma na mkaa unarudi. Ukishindwa na mtungi, usichemshe mbaazi kavu kwa muda wa saa tatu. Ziloweke tangu jioni, asubuhi zichemke sawasawa kwa muda, kisha sufuria iliyofunikwa vizuri uiingize kwenye kikapu ulichotandika blanketi kuukuu, ufunike tena kwa blanketi. Mchana utazikuta zimeiva. Zichemshe tena kidogo kabla ya kupakua. Gunia la mkaa lililokuwa likiniishia kwa mwezi lilianza kunifikisha karibu miezi miwili.

Maji ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Sisi tumekulia Newala, tunajua kuteremka bondeni alfajiri kwa ndoo moja, mama anaoshea vyombo maji aliyooshea mchele. Halafu nafika Mtwara nakuta bomba linatiririka usiku kucha na hakuna anayetoka kulifunga. Tulichanga, tukafunga gata upande mmoja wa paa na tangi la lita 1,000. Paa lile lina kama mita 30 za mraba, na milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 20 ni lita 600, yaani ndoo 30 kubwa, bila mtu kuteremka popote. Mvua za kwanza, zile za Novemba au Desemba, ziachie zioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tangi uwe na wavu, mbu wasizaliane humo.

Mita ya umeme ya LUKU ni moja kwa nyumba mbili. Kubalianeni mapema na jirani, kabla pasi na friji hazijawagombanisha.

Uma wa kugeuzia mboji na ufunguo wa koki ya tangi nimemwachia yule mama wa nyumba ya tatu. Nenda kwake kabla hujafungua mizigo. Vipando vya matembele kata upande wa bomba, vile vya ukutani bado vichanga. Na umbebee ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, kutoka nyumbani. Anaipenda sana, na sokoni Mtwara huwa inamwishia kabla hajafika.

Dada yako