Mshike mgongo, usiangalie tumbo

Nyakach, Kisumu

Rafiki yangu Chebet,

Salamu nyingi. Huku hatujambo wote, ila jua ni kali tangu Krismasi na nyasi za bondeni zimebaki rangi ya vumbi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mbuzi wako hapo Rongai wanarudi jioni matumbo yamejaa lakini maziwa yamekatika. Moyo ulinipiga, maana hayo yalinipata mwaka jana.

Nilikuwa na jike mweusi, mimba ya miezi 4. Kila jioni tumbo lake lilikuwa kama ngoma, manyoya yamemfunika, nami nikaridhika kuwa ameshiba. Akazaa pacha, chuchu hazina kitu. Mmoja alinifia mikononi siku ya pili. Nilipompapasa mama mgongoni ndipo nikakuta mifupa imesimama kama meno ya msumeno.

Nyasi kavu, Chebet, hujaza tumbo bila kulisha. Vijidudu vya tumboni vinavyosaga majani vinataka protini, na nyasi ya Februari haina ya kutosha. Chakula hukaa tumboni muda mrefu, mbuzi hatamani kula tena, na mwili unaanza kujila. Mwenye mimba huumia zaidi, kwa kuwa wiki 6 za mwisho watoto hukua mbio na kulibana tumbo la chakula.

Basi shika kwa mkono, nyuma ya ubavu wa mwisho. Unono hupimwa kwa alama 1 (amekonda kabisa) hadi 5 (amenona mno). Ncha za mifupa zikikuchoma vidole, huyo ni 1 au 2. Ukiuhisi mfupa lakini umevikwa nyama, ni 3, na hapo ndipo nawataka kabla beberu hajawapanda. Shika na kidari pia. Mbuzi si kondoo: mafuta yake mengi huyaficha ndani, kwa hiyo mgongo peke yake hautoshi.

Siku hizi jioni nawakatia majani ya miti ya malisho, lusina na kalyandra, pamoja na majani ya viazi vitamu. Lusina isizidi theluthi ya chakula, ikizidi huwadhuru. Waliokonda na wenye mimba nawatenga, nawaongezea konzi ya pumba za mahindi, nikianza na kidogo sana, kwani pumba nyingi za ghafla huchachuka tumboni na zinaweza kumuua. Maji na jiwe la chumvi viko daima. Hayo mabua ya ngano unayonunua Njoro ni sawa na nyasi kavu tu. Bila majani mabichi hayatakusaidia.

Ukimpata aliyekonda, mfunue kope la chini kabla ya kulaumu malisho. Likiwa jeupe, huenda ni minyoo inayonyonya damu; mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Nitakuja Pasaka na mbegu za kalyandra, tuzipande mvua ikishika. Lakini usiningoje. Wapapase wote leo jioni, uniandikie wangapi wako chini ya 3.

Wako,
Akinyi