Barua ya wazi: Saa ya chupa kupasuka iandikwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kisumu

Mheshimiwa,

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Nyalenda. Nakuandikia kwa sababu ya swali moja ambalo sikumuuliza jirani yangu.

Alikuwa mjamzito, na chupa yake ya uzazi, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto tumboni, ilipasuka Jumamosi saa kumi jioni. Uchungu haukuwa umeanza, basi akapika, akaoga, akalala. Nilipita usiku kumjulia hali akaniambia, "Maji yametoka kidogo." Nikamwambia apumzike, twende asubuhi. Sikumuuliza yametoka saa ngapi. Alijifungua Jumapili saa nane mchana, yaani saa 22 baadaye, na hakuna aliyeandika hesabu hiyo popote. Siku ya tatu mtoto alikataa ziwa. Tumbo lilikuwa baridi, anapumua mbiombio. Tukapanda boda usiku uleule. Hospitalini alichomwa sindano za penisilini na jentamaisini, dawa za kuua bakteria, siku saba, na leo yu hai. Bado nalikumbuka lile tumbo la baridi mkononi mwangu.

Chupa ikishapasuka, mtoto hana tena kinga iliyomzunguka. Bakteria wa njia ya uzazi humpandia, na hatari huongezeka zikipita saa 18 kabla hajazaliwa. Huzidi mama akiwa na homa, maji yakinuka, au kama alikuwa na maambukizi ya mkojo yasiyotibiwa. Aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au chini ya kilo 2.5, ndiye dhaifu kuliko wote. Wakunga wetu wanayajua haya. Lakini mwenye kujua saa ni mama, naye hajaambiwa kwamba saa hiyo ina maana.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 21 hufa kabla ya siku 28. Lengo la dunia ni wasizidi 12 ifikapo 2030.

Naomba muhuri, Mheshimiwa. Muhuri wa mpira na wino, upigwe kwenye jalada la kijitabu cha kliniki cha kila mjamzito: "Chupa ilipasuka saa ngapi?" na nafasi ya kujaza. Muuguzi akiupiga, amwambie mama: maji yakitoka, tazama saa, uje hospitali hata kama huna uchungu. Nasi wahudumu tufundishwe kuuliza.

Na kitovu cha mtoto pia, maana nacho ni mlango wa bakteria. Bado nakuta kimepakwa majivu au mate. Jeli ya klorheksidini, dawa ya kupaka kitovuni ya kuua vijidudu, isikosekane kwenye zahanati, mama aondoke nayo.

Kwa sasa natembelea wajawazito 11. Wawili watajifungua mwezi huu. Vijitabu vyao nimeviandika mwenyewe kwa kalamu.

Wako,
Mhudumu wa afya ya jamii
Nyalenda, Kisumu